UCHAMBUZI: Wakunga wana hoja kuhusu sheria ya uzazi, Bunge lisizibe masikio

WAHENGA walipoonya kwamba mtu asitukane wakunga na uzazi ungalipo, hawakuwa na Bunge akilini. Lakini kwa zaidi ya mwongo mmoja sasa, miswada inayogusa chumba cha kujifungulia imekuwa ikiingia Bungeni kwa vishindo na kutoka kimyakimya, ilhali wanaokesha katika chumba hicho wakiendelea kudai sheria itakayowatambua, iwalinde na, muhimu zaidi, imlinde mama wanayemhudumia.

Kila Mei 5, ulimwengu unapoadhimisha Siku ya Kimataifa ya Wakunga, madai hayo hurudiwa. Wakunga wanataka ukunga utambuliwe kuwa taaluma inayojisimamia. Wanataka idadi ya wahudumu katika wodi ya uzazi iwekwe kisheria, isiachiwe hisani ya gavana. Wanataka fedha zinazotengewa uzazi zisipotelee katika kapu moja na za barabara na sherehe. Na wanataka mama apokewe kwa heshima.

Kuna wanaoyaona madai haya kuwa ni ya watu wanaotaka vyeo na marupurupu. Takwimu zinasimulia mengine.

Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba akina mama 355 hufariki nchini kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa wakiwa hai. Chini ya Malengo ya Maendeleo ya Milenia, Kenya ilikuwa imejiwekea shabaha ya kuteremsha idadi hiyo hadi 147 kufikia 2015. Mwaka huo ulipita na shabaha ikabaki karatasini. Malengo ya Maendeleo Endelevu yaliyofuata yanataka wastani wa dunia uwe chini ya 70 kufikia 2030.

Sasa tazama takwimu nyingine. Utafiti wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya uliofanywa 2008-09 ulipata kwamba ni asilimia 43 pekee ya watoto waliozaliwa katika vituo vya afya. Katika utafiti wa 2014 kiwango hicho kilikuwa asilimia 61, na katika ule wa 2022 kikafika asilimia 82.

Yaani, katika muda wa miaka 15 hivi, wanawake wa Kenya wametenda walichoambiwa. Waliambiwa waache kuzalia nyumbani, wakaacha. Waliambiwa waende hospitalini, wakaenda, wengine wakipakatwa kwenye bodaboda usiku wa manane. Iwapo kuna upande uliotimiza sehemu yake ya mapatano, basi ni wao. Linalobaki ni kuuliza kama walichokikuta huko ndicho walichoahidiwa.

Jibu halifurahishi. Uchunguzi wa kitaifa kuhusu vifo vya akina mama, ambao ripoti yake ya kwanza ilitolewa 2018, ulipitia kwa siri faili za wanawake 484 waliofariki mwaka wa 2014. Wachunguzi walibaini kwamba katika visa tisa kati ya kila kumi, huduma aliyopewa marehemu haikufikia kiwango kinachostahili, na kwamba huduma tofauti huenda ingebadilisha matokeo. Kilichoua wengi zaidi ni kuvuja damu.

Damu haina subira. Mama aliyejifungua salama saa nne usiku, akapewa mtoto wake amkumbatie, anaweza kuwa maiti kabla ya saa sita iwapo damu itaendelea kutoka na hapana anayeiona. Hapa ndipo hoja ya wakunga inapopata uzito wake wote. Utafiti mkubwa uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Tanzania na Afrika Kusini, na kuchapishwa 2023, ulionyesha kwamba visa vya kuvuja damu kupita kiasi vilipungua kwa asilimia 60 pale wahudumu walipotumia karatasi ya plastiki yenye alama za vipimo, inayowekwa chini ya mama ili kukinga damu. Ikifika alama fulani, matibabu yote huanza kwa pamoja, badala ya kujaribu hili kisha kungoja, halafu kujaribu lile.

Hapakuhitajika mtambo wa mamilioni. Kilichohitajika ni karatasi ya plastiki, dawa za kawaida na mtu aliyefunzwa anayeitazama ile alama. Mtu huyo ni mkunga. Kama mkunga mmoja anawatazama akina mama sita kwa wakati mmoja, alama itafikiwa na kupitwa akiwa kwenye kitanda cha pili, na hata karatasi hiyo ingekuwa ya dhahabu haingemwokoa mama.

Msomaji huenda akauliza: kwani hatuna sheria? Tunazo, tena si haba.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na kinataja afya ya uzazi kwa jina. Kifungu hichohicho kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ilikwenda mbali zaidi. Sehemu yake ya 5 inazitaka serikali ya kitaifa na zile za kaunti kuhakikisha kwamba huduma za uzazi zinatolewa bila malipo. Sehemu ya 6 inataja haki ya wazazi kupita salama katika ujauzito, kujifungua na kipindi kinachofuata, na inamtaja mkunga miongoni mwa wahudumu waliohitimu. Sehemu ya 7 inaitoza faini ya hadi Sh3 milioni hospitali inayokataa kutoa huduma ya dharura ilhali ina uwezo.

Ni maneno mazuri. Lakini yasome tena utaona kilichokosekana. Sheria inasema huduma itolewe, haisemi itolewe na wakunga wangapi kwa akina mama wangapi. Inasema iwe ya bure, haisemi nani atashtakiwa fedha zisipofika. Inataja uwezo wa hospitali kama kinga, na katika nchi hii hospitali ya umma isiyo na damu, glavu wala daktari wa zamu haikosi njia ya kusema kwamba haikuwa na uwezo. Haki bila mtu wa kuidai ni kama hundi isiyo na sahihi.

Historia ya uzazi wa bure inaonyesha vizuri tatizo hili. Juni 1, 2013, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba akina mama wangejifungua bila malipo katika hospitali za umma. Vituo vidogo vingelipwa Sh2,500 kwa kila mama, na hospitali kubwa Sh5,000. Tangazo lilifika kabla ya vitanda. Wodi zilifurika, wahudumu wakabaki walewale. Miaka mitatu baadaye mpango huo ukahamishiwa Hazina ya Bima ya Kitaifa ya Hospitali (NHIF) kwa jina la Linda Mama, na kwa kiasi fulani ukatulia, ingawa hospitali hazikuacha kulalamikia malipo yaliyochelewa.

Kisha, Oktoba 2024, NHIF ikazikwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ikachukua nafasi yake kwa mujibu wa sheria iliyotiwa sahihi Oktoba 2023. Linda Mama ikatoweka pamoja na bima hiyo, na serikali ikaanza kuzungumza kuhusu Linda Jamii. Tofauti si ya jina tu. Chini ya Linda Mama, mwanamke mjamzito alijiandikisha kwa sababu ni mjamzito, basi. Chini ya SHA, kujifungua kwa kawaida kunalipiwa Sh10,000 na kwa upasuaji Sh30,000, viwango ambavyo ni bora kuliko vya awali, lakini sharti familia iwe imechanga. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hukadiriwa na hulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja, na kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600 kwa mwaka.

Kwa mwenye kazi ya ofisini, Sh3,600 si neno. Kwa msichana wa miaka 19 anayechuuza mboga Kongowea na ambaye aliyempa mimba hajulikani aliko, ni mtaji wake wote na deni juu. Hapo pana mgongano ambao mawakili wa serikali hawajaueleza kinagaubaga: sheria ya 2017 inasema uzazi ni bure, ilhali utaratibu uliojengwa juu ya sheria ya 2023 unasema changa kwanza. Mkunga ndiye anayesimama mlangoni mgongano huo unapowasili na uchungu wa kuzaa. Yeye hawezi kumwambia mama angojee tafsiri ya mahakama.

Mahakama zenyewe zimekwisha kusema, na zimesema kwa sauti kuliko Bunge. Mnamo 2015, Mahakama Kuu iliamua kwamba Hospitali ya Uzazi ya Pumwani ilikiuka haki za wanawake wawili iliowazuilia baada ya kujifungua kwa sababu walishindwa kulipa. Machi 2018, Mahakama Kuu ya Bungoma ikamwamulia fidia ya Sh2.5 milioni mwanamke aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya wilaya mnamo Agosti 2013, miezi miwili tu baada ya tangazo la uzazi wa bure. Alikuwa amepewa dawa ya kuanzisha uchungu kisha akaachwa peke yake. Alipokwenda mwenyewe katika chumba cha kujifungulia, alikuta vitanda vyote vina watu.

Jirani zetu wa Uganda nao walifika huko kwa njia ndefu zaidi. Kesi iliyowasilishwa 2011 kuhusu akina mama wawili waliofariki katika hospitali za umma ilitupwa 2012 kwa kisingizio kwamba ni suala la kisiasa. Mahakama ya Juu ikairejesha 2015, na Agosti 2020 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba serikali inapokosa kutoa huduma za msingi za uzazi, inakiuka haki ya uhai. Iliagiza bajeti ya uzazi iongezwe na familia zifidiwe.

Turejee Bungoma kidogo, kwa maana kesi hiyo ina upande ambao watetezi wa wakunga hawapendi kuutaja. Mwanamke yule hakulalamikia uhaba wa vitanda pekee. Alisema alipozinduka pale sakafuni, wauguzi walikuwa wakimzaba makofi na kumfokea kwa kuchafua sakafu. Waliomtenda hivyo hawakuwa mawaziri wala magavana. Walikuwa wahudumu waliovaa sare.

Wala hakuwa peke yake. Ripoti ya mwaka wa 2007 iliyotolewa na chama cha mawakili wanawake, FIDA-Kenya, pamoja na kituo cha haki za uzazi cha Marekani, ilijaa simulizi za matusi, makofi na akina mama kuachwa bila msaada. Utafiti mwingine uliofanywa baadaye katika vituo 13 vya afya nchini ulipata kwamba mwanamke mmoja kati ya watano alidhalilishwa kwa namna moja au nyingine alipokwenda kujifungua.

Kwa hivyo wakunga wanapopiga hodi Bungeni, wanapiga hodi wakiwa na madai na deni kwa pamoja. Kwa maoni ya mwandishi huyu, mswada wowote utakaowapa mamlaka bila kutaja udhalilishaji katika wodi ya uzazi kuwa ni kosa, na bila kumpa mama mahali rahisi pa kulalamika, utakuwa nusu ya kazi. Wakunga wenye busara wanalifahamu hilo, na wengi wao ndio wa kwanza kusema. Hoja yao ni kwamba ukali huo huzaliwa na uchovu: mtu aliyefanya zamu tatu mfululizo akiwa peke yake, asiyekumbuka mara ya mwisho alipokula, hupoteza utu wake kidogo kidogo. Ni maelezo ya kweli. Si udhuru, lakini ni maelezo ya kweli, na sheria nzuri hulishika jambo kwa pande zote mbili: inamwadhibu anayempiga mama na pia inamwadhibu mwajiri aliyemwacha mtu mmoja na kazi ya watu watano.

Hapa nafikia dai linalozua ubishi hata miongoni mwa wauguzi wenyewe, la ukunga kuwa taaluma inayojitegemea.

Neno lenyewe limetupa taabu kwa muda mrefu sisi tunaohariri habari. Ukiandika “mkunga” katika gazeti la Kiswahili, nusu ya wasomaji watamwona nyanya mwenye leso mbili, kikopo cha mafuta ya nazi na uzoefu wa miaka 40; msomaji wa Lamu anaweza hata kumfikiria yule samaki mrefu kama nyoka. Wachache watamwona mwanamke au mwanamume mwenye shahada, aliyesajiliwa na anayeweza kusoma mapigo ya moyo wa mtoto tumboni. Huyo sisi humwita nesi, au sista. Kwa hivyo mama huhudumiwa na mkunga, akaenda nyumbani akamshukuru nesi.

Sheria nayo imechanganya mambo vivyo hivyo. Taaluma hii inasimamiwa na Sura ya 257 ya Sheria za Kenya, iliyoanza kama sheria ya wauguzi mnamo 1983. Jina lake sasa linawataja wakunga pia, lakini baraza linalowasajili na kuwaadhibu lingali linaitwa Baraza la Wauguzi la Kenya. Wengi wa wanaozalisha akina mama nchini walipata mafunzo ya pamoja ya uuguzi, ukunga na afya ya jamii, na cheti chao ni kimoja. Kwa mtazamo wa mwajiri, basi, nesi ni nesi. Anaweza kumtoa katika wodi ya uzazi, ambako amejenga ustadi wa miaka kumi, akampeleka katika wodi ya upasuaji, na nafasi yake ikajazwa na mtu ambaye mara ya mwisho kumzalisha mama alikuwa mwanafunzi.

Uhamisho wa aina hii ndio unaowauma wakunga kuliko hata mshahara. Hakuna anayemhamisha rubani akaendeshe meli kwa sababu vyote ni vyombo vya usafiri.

Wanaopinga wana hoja yao, na haifai kupuuzwa. Katika zahanati nyingi za mashambani mhudumu ni mmoja. Asubuhi anachanja watoto, mchana anatibu malaria, usiku anaamshwa kuzalisha. Ukisema anayezalisha awe mkunga pekee, zahanati hiyo itahitaji watu wawili au itafunga mlango wa uzazi. Kaunti ambazo zinashindwa kumlipa mmoja kwa wakati zitamlipaje wa pili?

Ndiyo maana, kwa mizani yangu, baraza jipya si jambo la dharura. Uganda ina baraza moja linalobeba majina yote mawili, la wauguzi na wakunga, na Tanzania ilitunga sheria moja ya uuguzi na ukunga mnamo 2010. Jina peke yake halijamwokoa mama yeyote. Lenye haraka ni rejista ya wakunga iliyo wazi, kanuni ya kuzuia uhamisho wa ovyo katika hospitali zinazozalisha akina mama wengi, na kiwango cha chini cha wahudumu kwa kila zamu ambacho kaunti ikikiuka itajibu mahakamani. Haya yanaweza kuandikwa katika kurasa chache.

New Zealand hutajwa sana katika mijadala hii. Mwaka wa 1990, Helen Clark akiwa Waziri wa Afya, nchi hiyo ilirekebisha sheria na kuwaruhusu wakunga kuwahudumia akina mama bila kusimamiwa na daktari. Wakunga hawakushinda kwa nguvu zao pekee. Waliungana na vyama vya akina mama, na wanasiasa wakaona kwamba wanaodai mageuzi ni wapigakura waliozaa, si wafanyakazi tu. Baraza lao la kujitegemea lilikuja baadaye sana, kwa sheria ya 2003. New Zealand ni nchi tajiri yenye watu wachache, na si kila kilichowafaa kitatufaa. Lakini mfuatano ule unafundisha: kwanza ruhusa na wajibu, baadaye jengo na nembo.

Kwetu sisi, muungano wa aina hiyo umekuwa mgumu, na sababu yake ni ya kisiasa zaidi kuliko ya kitaaluma. Mnamo 2014 Seneta Judith Sijeny alifikisha Bungeni mswada wa afya ya uzazi. Mnamo 2019 Seneta Susan Kihika akaleta mwingine. Miswada hiyo miwili ilibeba mengi kwa pamoja: huduma kwa waja wazito, elimu ya vijana, wanawake wanaobebea wengine mimba, na mazingira ambamo mimba inaweza kutolewa. Hili la mwisho lilimeza yote. Makanisa yalikuja juu, mijadala ya redio ikawaka, wabunge wakahesabu kura, na miswada ikafa bila kuwa sheria. Kuhusu wakunga wangapi wawe zamu usiku, hakuna aliyepiga kelele wala kuunga mkono. Lilizikwa pamoja na mengine.

Kifungu cha 26 cha Katiba kimeshaeleza ni lini mimba inaweza kutolewa, na wanaobishania tafsiri yake wataendelea kubishana. Ila ni kosa la kimkakati kulifunga suala la damu, vitanda na zamu katika furushi moja na ubishi huo. Askofu na mwanaharakati wasioelewana kuhusu jambo lolote jingine wanaweza kukubaliana kwamba mama asifie sakafuni. Mnamo 2023 Seneti ilipokea mswada mwingine, huu ukijihusisha kwa jina lake na afya ya mama, mtoto mchanga na mtoto. Angalau kichwa chake kilionyesha kwamba somo limeanza kueleweka.

Kizingiti kingine ni ugatuzi. Hospitali nyingi zinazozalisha akina mama ziko chini ya kaunti 47, na kila kaunti huajiri kivyake. Bunge likitunga sheria ya viwango bila kusema fedha zitatoka wapi, magavana watasema, na kwa haki, kwamba wameletewa mzigo bila punda. Mswada wenye fedha nao huzua mvutano kati ya Seneti na Bunge la Kitaifa kuhusu nani ana haki ya kuuanzisha.

Gharama ya kuendelea hivi tunaifahamu. Mgomo wa wauguzi wa 2017 uliodumu karibu miezi mitano, kuanzia Juni hadi Novemba, ulifunga wodi za uzazi katika sehemu nyingi za nchi. Mnamo 2025 madaktari wa Kiambu waligoma kwa takriban siku 150, na chama chao na serikali ya kaunti wakabishana hadharani kuhusu idadi ya watoto wachanga waliofariki. Ubishi wenyewe ni aibu. Nchi yenye sheria inayolazimu kila kifo cha mama au mtoto mchanga kichunguzwe na matokeo yachapishwe isingehitaji kubishana.

Kaskazini mwa nchi hali ina sura yake. Takwimu zilizotokana na sensa ya 2009 zilikadiria vifo vya akina mama Mandera kuwa 3,795 kwa kila watoto 100,000, karibu mara nane ya wastani wa taifa wakati huo. Makadirio ya baadaye yamekuwa ya chini zaidi, lakini umbali haujapungua: kituo cha afya kinaweza kuwa mwendo wa siku nzima. Huko, na hata katika vijiji vya Pwani ambako mzazi hukandwa na kutunzwa siku 40, mkunga wa jadi angali ndiye mtu wa kwanza kuitwa. Wapo maafisa wanaotamani apigwe marufuku. Marufuku itamfanya afiche, na mama atakayeanza kuvuja damu atafichwa pamoja naye. Kaunti zilizomgeuza kuwa msindikizaji, anayempeleka mama hospitalini na kupewa kitu kidogo cha asante, zimeona njia ya heshima zaidi. Ingefaa sheria iiandike.

Muda wa kuyaandika haya si mrefu. Uchaguzi mkuu umewekwa Agosti 10, 2027, na mswada usiopitishwa kabla ya Bunge la 13 kumaliza muda wake hufa nalo. Kifungu cha 118 cha Katiba kinazitaka kamati kuwasikiliza wananchi, na kwa kawaida vikao hivyo hufanyika mchana, mara nyingi jijini Nairobi, saa ambazo aliyetoka zamu ya usiku Lodwar au Hola amelala, na aliyeingia ya mchana hana wa kumwachia wodi. Kamati za afya za mabunge yote mawili zina uwezo wa kwenda kuwasikiliza hospitalini, wodini kwenyewe, saa mbili usiku zamu zinapobadilishana.